Kura ya mtu na kura ya jambo

Msikilizaji wetu mmoja wa Makunduchi ameniletea barua. Anasema alikuwa akifuatilia khabari za uchaguzi wa Marekani, akasikia jambo lililomshangaza. Watu wa jimbo moja la wakulima walimchagua gavana wao, na siku hiyo hiyo, katika karatasi hiyo hiyo, wakaulizwa kama sheria fulani waitaka au hawaitaki. Anauliza: "Ikiwa sheria wanazipigia kura wananchi, hao wawakilishi wao wanalipwa mshahara wa nini? Na sisi huku Zanzibar tuna haki hiyo au hatuna?"

Suali la pili ndilo gumu, kwa sababu jibu lake ni kwamba tunayo na hatunayo. Leo nitalieleza hilo, na itanibidi nianzie hapa kwetu kabla ya kuvuka bahari.

Mzanzibari aliyeandikishwa anapofika kituoni siku ya uchaguzi mkuu hupewa karatasi tano. Tatu ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: ya Rais wa Zanzibar, ya Mwakilishi na ya Diwani. Mbili ni za Tume ya Taifa: ya Rais wa Muungano na ya Mbunge. Kazi inakuwa nyingi na foleni inakuwa ndefu, lakini karatasi zote tano huuliza neno moja tu: nani? Kura ya maoni haiulizi nani. Huuliza nini kifanywe, au kifanywe vipi.

Wazee watasema wao wanaijua Ndiyo na Hapana tangu zamani. Kweli, katika siku za chama kimoja jina la mgombea urais lilikuwa moja, na mpiga kura alichagua baina ya Ndiyo na Hapana. Kwa sura ilifanana na kura ya maoni, lakini suali lilikuwa bado la mtu: huyu tuliyekuleteeni mnamtaka? Ukisema Hapana, hukuulizwa unataka nini badala yake.

Ndiyo maana siku ya Jumamosi, tarehe 31 Julai 2010, wengi walipata tabu kidogo. Nilimsindikiza shangazi yangu kwenye skuli moja ya Ng'ambo, mama wa makamo ambaye hajawahi kukosa uchaguzi. Alipotoka alininong'oneza, "Mwanangu, mle mna karatasi haina mtu." Nikamwambia, "Shangazi, safari hii hakuna mtu. Mnaulizwa kama serikali iwe ya pamoja." Akafikiri, kisha akasema, "Basi nimejibu vyema." Alijibu nini sikumuuliza, na yeye hakusema. Kura ni siri, hata kwa mtoto wa kaka.

Suali la siku ile lilikuwa kama baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2010 Zanzibar iwe na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani aliyeshinda na aliyemfuatia waingie serikalini pamoja, badala ya mmoja kuchukua vyote na mwengine kurudi maskani kununa. Ili msikilizaji kijana aelewe kwa nini suali hilo lilikuwa zito, lazima tupekue daftari la kura zetu.

Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Moja! Afro-Shirazi ikapata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3; hao watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundwa. Ukarudiwa uchaguzi mwezi Juni, na watu 68 wakapoteza maisha katika ghasia zilizofuata. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Kilichotokea Januari 1964 kila mtu anakijua.

Vyama vingi viliporudi, daftari likafunguka pale pale lilipoachwa. Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa na kura 165,271, na Maalim Seif Sharif Hamad kura 163,706. Tofauti ni kura 1,565, watu ambao wangeweza kukaa wote katika uwanja mmoja wa mpira na nafasi ikabaki. Uchaguzi wa 2000 ulizaa siku ya Januari 27, 2001, ambapo zaidi ya watu 30 waliuawa na wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kwa ngarawa na mashua. Muafaka ulitiwa saini 1999, ukatiwa mwengine 2001. Miaka ile ukipita Jaws Corner, pale Soko Muhogo, ungesikia mazungumzo ya chama kimoja juu ya kikombe cha kahawa. Ukivuka Darajani hadi Kisonge, Michenzani, ungesoma ubaoni maneno ya chama cha pili. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na walikuwepo watu wa mtaa mmoja wasiokwenda kuzikana.

Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu. Januari 2010 kiongozi wa upinzani katika Baraza la Wawakilishi, Bwana Abubakar Khamis Bakary, akapeleka hoja binafsi ya serikali ya pamoja, ikapita. Lakini Baraza halikutosheka na kura yake lenyewe. Lilitunga Sheria ya Kura ya Maoni, namba 6 ya mwaka 2010, na jambo likaletwa kwetu.

Waliokubali walikuwa 188,705, sawa na asilimia 66.4. Waliokataa ni 95,613. Kati ya wapiga kura 407,000 na ushei, takriban asilimia 72 walifika vituoni. Pemba ilikubali kwa wingi mkubwa. Hapana nyingi zilitoka Unguja, na hao waliosema Hapana hawakuwa wendawazimu. Walikuwa na khofu kwamba wakubwa watagawana vyeo na mpinzani wa kuwasema serikalini hatabaki. Khofu hiyo ilistahiki kujibiwa, na kusema kweli haikujibiwa vya kutosha.

Sasa tazama hesabu hii. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 31, watu wale wale waliulizwa nani. Dk. Ali Mohamed Shein akapata 179,809, Maalim Seif 176,338. Tofauti 3,471. Kwa kura ya mtu tumegawika nusu kwa nusu tangu enzi za babu zetu. Kwa kura ya jambo, wawili kati ya kila watatu walisimama upande mmoja. Kumbe mgawanyiko wetu ulitegemea sana suali tulilokuwa tukiulizwa.

Siku nne tu baada yetu, tarehe 4 Agosti 2010, Wakenya nao walipiga kura ya maoni juu ya katiba yao mpya, wakaikubali kwa takriban asilimia 67. Wao walikwisha kuionja kura hii mwaka 2005, ndizi ikiwa Ndiyo na chungwa ikiwa Hapana. Serikali ilikuwa na ndizi, na chungwa likaishinda. Chama cha ODM kilipata jina lake kutokana na chungwa lile.

Twende basi Marekani, nimjibu mtu wa Makunduchi.

Jimbo la South Dakota ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Lina watu wapatao 900,000, nusu ya watu wa Zanzibar kwa hesabu ya sensa ya 2022, na makao yake makuu, Pierre, ni mji mdogo wa watu kama 14,000. Mwaka 1898 jimbo hilo lilikuwa la kwanza katika Marekani kuwapa wananchi wake haki ya kuleta sheria wenyewe. Leo karibu nusu ya majimbo ya nchi ile yana utaratibu wa namna hiyo. Mwananchi huandika anachokitaka, hukusanya saini za wapiga kura, na saini zikifika asilimia 5 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa gavana, suali lake huingia katika karatasi ya kura, serikali ipende isipende. Akitaka kubadilisha katiba ya jimbo, saini ni asilimia 10. Na wawakilishi wakitunga sheria watu wasiyoipenda, saini zinaweza kuisimamisha hadi siku ya kura. Mwaka 2006 wawakilishi wa jimbo lile walipitisha sheria ya kupiga marufuku utoaji mimba. Saini zikakusanywa, na wapiga kura, ambao wengi wao ni wahafidhina wa kanisani, wakaikataa.

Kwa hivyo wawakilishi wao kazi wanayo. Wanatunga sheria nyingi kama wa kwetu, ila kuna jicho linalowatazama.

Usidhani, lakini, kwamba huko mambo yote yamekaa sawa. Novemba 2016 wapiga kura wa South Dakota walipitisha sheria waliyoileta wenyewe ya kudhibiti rushwa na fedha za kampeni. Februari 2017, hata mahindi ya msimu mpya hayajapandwa, wawakilishi wao waliifuta na gavana akatia saini. Watu walisema, na sauti yao ikawekwa kando ndani ya miezi mitatu.

Hapo ndipo sisi tunapowazidi. Agosti 2010 Katiba ya Zanzibar ilifanyiwa marekebisho ya kumi, na ndani yake kikaingizwa kifungu cha 80A. Kifungu hiki kinasema kwamba baadhi ya sehemu za Katiba, zikiwemo za muundo wa serikali, Baraza la Wawakilishi haliwezi kuzibadilisha mpaka wananchi wakubali kwanza kwa kura ya maoni. Jibu alilolitia shangazi yangu sandukuni limefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa shangazi na wenziwe, haupo kwa wajumbe. Mtu wa South Dakota anaruhusiwa kuuliza, lakini jibu lake la kawaida laweza kufutwa. Sisi jibu letu halifutiki kirahisi, lakini kuuliza haturuhusiwi. Hakuna sheria yetu inayomruhusu mkulima wa karafuu wa Wete, au mvuvi wa Nungwi, kukusanya saini na kulilazimisha suali lake liingie katika karatasi ya kura. Suali la 2010 lilitoka kwa wakubwa waliokwisha kukubaliana.

Na anayeshika haki ya kuuliza ndiye pia anayeweza kunyamaza. Katiba Inayopendekezwa ya Jamhuri ya Muungano ilipitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014. Kura ya maoni ikapangiwa tarehe 30 Aprili 2015. Mapema mwezi ule ule ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji haujamalizika, na kura hiyo haikupigwa. Hapakuwa na mwananchi, Bara wala Visiwani, aliyekuwa na njia ya kisheria ya kusema: kama nyinyi hamuulizi, tutajiuliza wenyewe.

Hata kufuli la 80A lina mipaka yake. Uchaguzi wa Oktoba 25, 2015 ulifutwa siku tatu baadaye na mwenyekiti wa Tume. Uliporudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ilisusia, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Katiba inataka chama cha pili kifike asilimia 10 ya kura za urais, au kiwe na viti vya kutosha kushika nafasi hiyo barazani. Hakuna aliyefika. Basi miaka minne na ushei Zanzibar ilikaa bila ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na hakuna kifungu hata kimoja kilichobadilishwa. Serikali ya pamoja ilirudi Desemba 2020, Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza kwa mara ya pili, akafariki Februari 17, 2021. Wananchi walikuwa wamekubali muundo wa nyumba. Nani atakubali kuingia na kukaa humo, hilo halikuwa katika karatasi.

Ndugu yangu wa Makunduchi anamaliza barua yake kwa kusema ana suali lake moja kuhusu ardhi ya pwani ambalo angependa Wazanzibari wote walipigie kura. Hakulitaja, nami silibahatishi. Saini zake hazitamfikisha popote kwa sheria iliyopo. Njia aliyonayo ni mlango wa Mwakilishi wake, ambaye anaweza kupeleka hoja binafsi barazani kama ilivyopelekwa Januari 2010. Ampelekee suali hilo likiwa limeandikwa, kwa maneno machache, kwa namna ambayo mtu anaweza kulijibu Ndiyo au Hapana. Akishindwa kuliandika hivyo, aniletee tena barua tusaidiane.