Aliyeweza Mchana Kutwa, Usiku Hauwezi Kumshinda

Sisi tunaoishi Pemba tunashuhudia kila mwaka jambo moja ambalo pengine hatujalipa uzito wake. Mvutaji ambaye siku za kawaida hamalizi saa mbili bila sigara, unapoingia mwezi wa Ramadhani huiacha tangu alfajiri hadi magharibi. Hizo ni saa kumi na tatu na zaidi. Huenda shamba, hupanda mkarafuu, hufungua duka, huvua samaki, na jioni hurudi nyumbani mzima. Lakini adhana ya magharibi ikisikika tu, tende moja, funda la maji, na mkono tayari unatafuta kiberiti.

Nasi Wakristo tunayaona hayohayo wakati wa Kwaresima. Wako wanaoacha sigara siku arobaini, na siku ya Pasaka wanairudia. Basi leo tunauliza: aliyeweza mchana kutwa, au aliyeweza siku arobaini, anakosa nini ili aiache moja kwa moja?

Kwa nini sigara inamshika mtu?

Ndani ya tumbaku mna nikotini. Mtu akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache na kumpa utulivu. Utulivu huo haudumu, kwani kila baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini huwa imekwisha katika damu, na mwili hudai nyingine. Ndiyo maana mvutaji aliyefunga huwa na hasira alasiri, kichwa kinamuuma na mawazo hayatulii. Sivyo alivyoumbwa, ni nikotini inayomtoka.

Hapa pwani tambuu, popoo, chokaa na tumbaku ya kutafuna huitwa uraibu, na neno hilohilo tunalitumia kwa mazoea yanayomtawala mtu. Basi anayeacha sigara akahamia ugoro, tumbaku ya kutafuna au shisha, hajaacha. Amebadilisha mlango tu, nyumba ni ileile.

Anayeumia si mvutaji peke yake

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe bali walivuta moshi wa wengine. Mtoto anayelala katika chumba chenye moshi hupata kwa urahisi pumu, nimonia na maradhi ya masikio. Mama mjamzito anayevuta moshi huo anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Mvutaji mwenyewe hujiweka karibu na saratani ya mapafu na ya koo, kiharusi, maradhi ya moyo na kifua kikuu.

Tusisahau mfuko. Tuseme sigara moja ni shilingi 200, na mtu anavuta kumi kwa siku. Kwa mwezi ni shilingi 60,000, na kwa mwaka ni 730,000. Kwa kuwa ananunua moja moja dukani, haoni. Bandu bandu huisha gogo. Je, fedha hizo zingenunua sare na madaftari mangapi?

Njia za kuacha

1. Chagua siku. Iwe ndani ya wiki mbili zijazo. Mwenye kufunga achague siku ya kwanza ya mfungo, kwani mchana tayari umepata msaada. Siku hiyo toa nyumbani sigara, kiberiti na kisahani cha majivu.

2. Waambie watu. Mwambie mke au mume, watoto, na rafiki zako wa barazani. Waombe wasikupe hata ukiomba.

3. Zijue saa zako za hatari. Kwa wengi ni baada ya futari, baada ya chakula, na pale kahawa inapopitishwa barazani. Panga mapema utakachofanya saa hiyo: ondoka ukatembee, nenda msikitini au kanisani, oga, cheza na watoto. Wiki za kwanza kunywa kahawa yako nyumbani.

4. Ngoja dakika tano. Hamu kali ya sigara hupanda kama wimbi, na kwa kawaida hushuka baada ya dakika chache. Kunywa maji polepole, vuta pumzi ndefu, shughulisha mikono.

5. Upe mdomo kazi. Tafuna kipande cha mdalasini au karoti, au weka punje moja ya karafuu mdomoni. Havitoi nikotini mwilini, lakini vinaziba pengo.

6. Tafuta msaada. Chingamu na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Muulize daktari katika hospitali ya Wete, Chake Chake au Mkoani kama zinakufaa na zinapatikana. Mwenye maradhi ya moyo, mjamzito, au anayetumia dawa kila siku asianze bila ushauri.

Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Usingizi unaweza kupungua na kikohozi kikaongezeka. Usiogope. Kwa wengi taabu hizo hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne.

Mwili haukati tamaa

Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kupungua. Baada ya siku moja au zaidi kidogo, hewa ya sumu ya moshi huwa imetoka katika damu. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya maradhi ya moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa nusu hivi. Baada ya miaka kumi, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Na ukianguka? Wengi walioacha kabisa waliwahi kuanguka mara kadhaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jiulize ulikuwa wapi na nani ulipoirudia, kisha anza tena kesho yake bila kungoja mfungo mwingine.

Ndugu msomaji, mchana umekwisha kuushinda. Umebaki usiku tu. Tunakutakia afya njema, wewe na nyumba yako.