Nimetembea na mama njia moja, saa zetu zikatofautiana

Joto la Maskati likishapanda, mie na mama tunaiacha Kornishi ya Matrah tukahamia ndani ya moli, baada ya Magharibi. Mama ana sukari, na daktari wake amemwambia atembee kilomita 2 kila siku.

Jioni moja tulimaliza matembezi yetu, bega kwa bega tangu mwanzo. Saa yangu iliandika kilomita 2.1, ya mama 1.3. "Basi mie bado sijatimiza," akasema, akaongeza mzunguko. Akafanya hivyo wiki nzima, mpaka goti likamvimba. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta saa ipi inasema kweli.

Kumbe saa hizi hazipimi njia yenyewe. Ndani mna kidude kinachohisi mtikisiko wa mkono. Mkono ukiyumba, saa inahesabu hatua, kisha inazidisha hesabu hiyo kwa urefu wa hatua moja. Na urefu huo ni wa kukisia tu, kutokana na kimo kilichoandikwa saa ilipofunguliwa mara ya kwanza.

Nikaona makosa mawili. La kwanza, mama hutembea ameshika toroli ili asilemee goti. Mkono uliotulia juu ya toroli hautikisiki vya kutosha, basi hatua nyingi zinapotea. Anayesukuma kigari cha mtoto naye yanaweza kumkuta hayo hayo.

La pili, saa ile ilikuwa ya kaka yangu, mtu mrefu, na hatukubadilisha kimo chake. Hatua ya mama ni kama nusu mita, kwa hiyo hatua 4,000 ni kilomita 2. Saa ikidhani hatua yake ni sentimita 75, itaandika kilomita 3. Akishika toroli anapunguziwa, akiliacha anazidishiwa!

Nje kuna jambo jengine. Saa yenye GPS hupokea mawimbi ya setilaiti, huweka alama pale ulipo, kisha huziunganisha alama hizo. Majengo marefu yakirudisha mawimbi, alama zinaruka huku na huku na njia inarefuka. Saa ikiweka alama mbali mbali ili kuokoa betri, inakata kona na njia inafupika. Na ndani ya moli mawimbi hayapenyi vizuri, basi saa inarudi kwenye kuhesabu hatua.

Tukaandika kimo cha mama. Goti lilipopoa, na daktari akaridhia, tukenda kiwanja cha riadha. Mzunguko mmoja wa njia ya ndani ni mita 400, kwa hiyo mizunguko 5 ni kilomita 2. Mama akaimaliza pole pole, bila toroli. Saa ikaandika 1.9. Inatosha. Siku za toroli, simu anaitia mfukoni, nayo ndiyo inayohesabu.

Ukimnunulia mzee wako saa, au ukimrithisha ya zamani, andika kimo chake mwenyewe, kisha uijaribu kwenye njia unayoijua urefu wake. Halafu alinganishe leo yake na jana yake, asilinganishe na saa ya mwengine.

Mama alicheka nilipomweleza. "Kumbe wiki nzima nalipa deni lisilokuwa langu!"