Kujifunza Kiingereza (Sehemu ya Pili): Maneno Mafupi Yatangulie

Kijana wa Bengamisa, kwenye barabara itokayo Kisangani kwenda Banalia, huanza Kiingereza akiwa tayari na Kiswahili, Kilingala na Kifaransa cha shule. Wengi hudhani usomi ni maneno marefu, hivyo madaftari yao hujaa administration, information na possibility. Hoja yangu ni kwamba hayo ndiyo yasiyodai jasho lao. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa Kifaransa kilitawala ikulu na mahakama zake; ndiyo sababu aliyesoma Kifaransa huyatambua maneno hayo mara tu akiyaona. Yanayomshinda ni get, keep, put na enough, maneno mafupi ambayo Kifaransa hakimsaidii kuyakisia.

Na mafupi hayo ndiyo yanayobeba lugha. Mwaka 1953 mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza, Michael West, alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000, yakiwemo mafupi hayo. Waliopima matini baadaye waliona kuwa hayo huchukua takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 mtafiti wa msamiati, Averil Coxhead, alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, ambazo huchukua karibu asilimia 10 ya maandishi ya vyuoni. Nyingi zina asili ya Kilatini au Kigiriki, kwa hiyo mwanafunzi wetu amekwisha kuzionja katika Kifaransa.

Atatokea wa kusema kwamba kufanana hudanganya, kwa kuwa library si duka la vitabu kama librairie. Ni kweli, lakini wadanganyifu hao ni wachache kuliko wakweli. Waorodheshwe kando na wakaririwe. Mwingine atadai kuwa mwanafunzi anayelima kakao anahitaji kwanza maneno ya kuchachusha na kukausha mbegu, ambayo hayamo katika orodha za jumla. Anayahitaji kweli, ila majina ya kazi bila vitenzi vya kila siku hayajengi sentensi. Mnunuzi atajua kwamba unauza kakao, asijue umeiweka muda gani wala unataka akulipe lini.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na Kiingereza ni lugha rasmi ya Jumuiya hiyo. Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi maneno mafupi kwanza, kila neno ndani ya sentensi zake kadhaa. Kisha ya kazi zao. Marefu yafuate mwisho.