Siku Moja Juu ya Ololokwe

Ololokwe ni mlima wa jiwe unaosimama peke yake nyikani, kaskazini mwa mji wa Isiolo, upande wa magharibi wa barabara kuu iendayo Marsabit na Moyale. Kilele chake kinakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nyika inayouzunguka iko chini yake kwa karibu nusu ya kimo hicho, kwa hiyo anayeutazama kutoka barabarani huona ukuta mtupu wa mwamba, na juu yake uwanda mpana uliolala kama meza. Wasamburu huuita Ol Donyo Sabache. Kwa vikundi vya Wakenya vinavyotembea milimani mwishoni mwa juma, kuupanda na kuushuka siku hiyo hiyo ni safari inayohesabiwa miongoni mwa zilizo bora nchini, na sifa hiyo unaistahili.

Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, vinavyoonekana upande wa kusini, vilijengwa na volkano. Ololokwe una asili nyingine. Mwamba wake ni wa Ukanda wa Msumbiji, mawe yaliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ardhi laini iliyokuwa kando yake ilimomonyolewa na mvua na upepo kwa muda mrefu usiokadirika kirahisi, jiwe gumu likabaki. Ndiyo maana mlima huu hauna vilima vidogo vya kuutangulia: nyika inakwisha, mwamba unaanza.

Matembezi ya milimani kwa vyama yana historia ndefu Kenya. Mountain Club of Kenya ilianza mwaka 1949, na kwa miaka mingi wanachama wake walikuwa hasa wazungu waliovutiwa na Mlima Kenya. Kaskazini mwa Isiolo palikuwa pagumu kufika. Tangu sheria ya mwaka 1902, kisha ya 1934, serikali ya kikoloni iliziwekea wilaya za mpaka wa kaskazini masharti maalumu. Aliyetaka kuingia au kutoka alihitaji kibali, na Isiolo, iliyokuwa makao makuu ya utawala wa eneo hilo, ndiyo iliyokuwa mlango. Baada ya uhuru vikaja vita vya kutaka kujitenga vilivyoitwa vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, na barabara ikaendelea kuogopwa kwa miongo kadhaa. Malori yalisubiriana kizuizini Isiolo ili yaondoke kwa msafara wenye ulinzi. Msafiri wa Marsabit aliyeelekea Nairobi alisema anakwenda “Kenya”, kana kwamba kwao ni nchi nyingine, na ukiangalia hali ya barabara ya wakati ule huwezi kumlaumu.

Lami ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilitandazwa kwanza kutoka Isiolo hadi Merille, halafu ikasogezwa hatua kwa hatua mpaka Moyale, umbali wa takriban kilomita 500, na kazi yote ikakamilika katika miaka ya 2010. Tangu hapo basi dogo lenye watu 14 linaweza kutoka Isiolo kabla ya alfajiri na kufika chini ya Ololokwe jua likichomoza. Katika miaka hiyo hiyo vijana wa mijini walikuwa wakianzisha vikundi vya matembezi kupitia simu: tangazo hutumwa kwenye WhatsApp, mchango hulipwa kwa M-Pesa, watu wasiofahamiana wakakutana kituoni na mikoba mgongoni. Matembezi yaliyokuwa ya wachache yakawa ya mwalimu, karani na muuguzi.

Majira ya kwenda ni kiangazi. Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Katikati ya mvua hizo kuna Januari na Februari, na kipindi kirefu cha Juni hadi Septemba. Wakati wa mvua mwamba huteleza, na laga, yale makorongo ya mchanga ambayo kwa kawaida hayana hata tone, huweza kujaa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali. Kiangazi kina adhabu yake pia. Isiolo iko karibu kabisa na ikweta, jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, na ifikapo saa nne jiwe limeanza kurudisha joto usoni. Saa ya kuanza kupanda ndiyo inayoamua siku itakuwaje. Kikundi kinachoanza saa moja asubuhi hupata saa chache za ubaridi. Kinachoanza saa nne hupigwa na jua la juu na la jiwe kwa pamoja.

Maandalizi hufanyiwa Isiolo. Maji ndiyo mzigo mkubwa: lita tatu au nne kwa kila mtu, yaani kilo tatu au nne mgongoni, na asiwepo wa kubeba kidogo kwa kutegemea wenzake. Asingojee kiu imzidi. Dalili za hatari ni kichwa kuuma, kizunguzungu na jasho kukatika mtu angali kwenye jua. Chumvi na sukari kidogo ndani ya maji hurudisha kinachopotea kwa jasho. Kuhusu chakula, mji huu una kitu kilichobuniwa na wasafiri wa nyika muda mrefu kabla ya kuwapo vilabu: nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, kisha ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake. Haiozi upesi, haihitaji kupashwa moto, na kiganja kimoja hushibisha. Wanawake huuza pia maziwa ya ngamia, ambayo huvumilia joto kuliko ya ng'ombe. Ni vigumu kufikiria chakula cha dukani kinachoifaa safari hii kuliko hivyo viwili.

Kutoka Isiolo gari hupita kwenye daraja la mto Ewaso Ng'iro, ambalo ndilo lango la Archer's Post na Kaunti ya Samburu. Mji huo mdogo una jina la Geoffrey Archer, ofisa wa Kiingereza aliyeweka kituo hapo mwaka 1909. Kuanzia hapo Ololokwe haupotei tena machoni. Kwenye maskani ya wenyeji chini ya mlima kikundi hulipa ada ya jamii na kupewa waongozaji, mara nyingi morani, vijana wa Kisamburu waliokulia hapo. Mlima uko ndani ya Namunyak, hifadhi ya jamii iliyoundwa mwaka 1995, ambako Wasamburu wanafuga na kulinda wanyamapori katika ardhi hiyo moja. Mwongozaji si pambo la safari. Ndovu hupita chini ya mlima, na chui wanaishi kwenye magenge. Anayejua kusoma unyayo mbichi na kunyamaza penye mlio usio wa kawaida ndiye anayewarudisha watu nyumbani.

Njia haipandi ule ukuta unaoonekana barabarani. Huo huachiwa wakwea miamba wenye kamba. Watembeaji huingia kwenye vichaka vya migunga na vikwata, mti wenye miiba iliyopinda kama ndoana ambayo hushika nguo na kuzidi kushika mtu akivuta kwa nguvu. Dawa yake ni kurudi nyuma hatua moja. Kisha huja mteremko mkali wa mawe yaliyolegea. Kwa kikundi cha kawaida kupanda huchukua saa tatu au nne, na mwendo unaofaa ni wa yule aliye wa mwisho. Wengi hushangaa kugundua kwamba njia hii haikuchongwa kwa ajili yao: ni mapito ya mifugo. Nyika ikikauka, wafugaji hupandisha ng'ombe wao hadi juu wakafuate malisho, na kwato zao ndizo zilizoyaweka wazi mawe yale.

Sababu ya malisho hayo kudumu ni kimo. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000, ukungu wa usiku hugusa kilele, na unyevu hukaa. Aliyeanza safari kwenye miiba hujikuta kwenye msitu wa mitarakwa na mizeituni mwitu. Mkaa wa mzeituni mwitu ndio Wasamburu wanaoutumia kusafishia vibuyu vya maziwa, na harufu yake hubaki ndani ya maziwa. Katikati ya miti hiyo kuna saikadi kubwa zinazofanana na minazi mifupi; ni za jamii ya mimea iliyokuwepo tangu enzi za dinosaria, na hukua polepole mno, kiasi kwamba moja iliyokatwa leo haiwezi kurudishwa katika umri wa binadamu. Kwa Wasamburu huu ni mlima wa sala, na wageni wanaombwa wasifanye kelele wala kukata tawi.

Ukingo wa mlima ndio mwisho wa safari. Magharibi na kaskazini hulala safu ya Mathews, ambayo kilele chake cha Warges kina mita 2,688. Jina la Mathews lina asili ya pwani: Teleki, mvumbuzi kutoka Hungaria aliyepita huku mwaka 1888, aliipa safu hiyo jina la Lloyd Mathews, mkuu wa majeshi ya Sultani wa Zanzibar aliyemsaidia kuandaa msafara. Wasamburu huiita Ol Doinyo Lenkiyio. Siku ya anga safi, Mlima Kenya huonekana kusini. Chini ya miguu kabisa, kwenye nyufa za ukuta, hutaga tumbusi wa Rüppell. Ndege hawa hupanda juu kuliko ndege wengine wote wanaojulikana. Mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan ikiwa kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Tangu 2015 wamo kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hasa kwa sababu ya sumu inayotegewa simba na fisi kwenye mizoga. Kurusha mawe au kamera za angani karibu na viota ni kosa lisilo na utetezi.

Kushuka kuanze kabla ya saa nane. Magoti huumia zaidi wakati huo kuliko wakati wa kupanda, mawe huteleza chini ya miguu iliyochoka, na ajali nyingi za milimani hutokea watu wakidhani kazi imekwisha. Giza huingia karibu saa moja jioni bila kuchelewa. Kikundi kizuri huhesabu watu wake mara tatu: kikiondoka, kikiwa juu, na kikifika chini.

Ada ikishalipwa na taka zikisharudishwa Isiolo, linabaki jambo moja la kukumbukwa na anayepanga safari yake ya kwanza. Maji yoyote atakayoyakuta mlimani ni ya ng'ombe waliopandishwa huko kwa sababu chini hakuna kitu. Yeye na abebe yake.