Mlezi wa Yatima na Nyumba ya Marehemu



Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kama Temeke, Tandika, Mbagala na Kinondoni, yatima halii peke yake. Nyumba nyingi za huko zina vyumba vinavyotazamana, na uwa mmoja wa kupikia na kufulia. Mtoto akifiwa na babaye, hula kwa jirani, na huita mama hata wasiomzaa. Hiyo ni neema kubwa. Walakini kumlisha yatima ni nusu tu ya wajibu. Nusu ya pili ni kumhifadhia mali yake.

Yatima, katika sharia, ni mtoto aliyefiwa na babaye kabla ya kubaleghe. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alizaliwa babaye Abdallah amekwisha kufariki. Mamaye Amina alifariki Mtume akiwa na miaka 6, na babu yake Abdul Muttalib alipokuwa na miaka 8. Ndipo akalelewa na ami yake Abu Talib, mtu asiyekuwa na mali nyingi, lakini mwaminifu.

Sasa tutazame yanayotokea mitaani. Arobaini haijapita, ami wa watoto huhamia nyumbani kwa marehemu, akapokea kodi ya vyumba, na kusema: "Nawalea watoto wa ndugu yangu." Tuipime kauli hiyo kwa mizani ya sharia. Marehemu akiacha mjane, mtoto wa kiume na mabinti, na wazazi wake wametangulia, basi baada ya maziko, madeni na wasia usiozidi thuluthi, mjane hupata thumuni. Kilichosalia ni cha watoto, mwana akipata mafungu mawili ya binti. Ndugu wa marehemu hana fungu hapo. Basi kodi ile ni ya mjane na mayatima.

Surat An-Nisaa, aya ya 10, inamwonya kwa Moto mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma. Aya ya 6 inamtaka mlezi tajiri ajizuie, na maskini atumie kwa kiasi cha wema. Tena siku ya kumkabidhi yatima mali yake, wawepo mashahidi.

Njia iliyo salama ni hii: ukoo ukutane, umpendekeze msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo imthibitishe. Kila shilingi ya kodi, ada ya shule na matengenezo iandikwe daftarini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake.

Nanyi majirani, mliompa yatima chakula, msinyamaze nyumba yao inapouzwa. Ninyi ndio mliomwona marehemu akiijenga. Ushahidi wenu ni amana.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walezi waaminifu. Amin.