Asilimia ya Nini?

Jioni moja baada ya mkutano wa tawi letu tuliingia watu sita katika hoteli moja ya hapa Kampala ili tule chakula. Kila sahani ilikuwa shilingi 20,000, jumla 120,000. Chini ya orodha ya vyakula, kwa herufi ndogo sana, iliandikwa kwamba bei hizo bado hazijatiwa malipo ya huduma asilimia 10 wala kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, yaani ile ambayo wengi tunaiita VAT. Mtunza hazina wetu, mtu mwangalifu, alijumlisha 10 na 18 akapata 28. Akapiga hesabu ya 28 kwa mia katika 120,000, akatukusanya fedha zetu: 153,600 kamili.

Bili ilipokuja ilisema 155,760. Mtunza hazina alisimama, akataka kugombana na mhudumu. Tulimketisha, tukachukua kalamu.

Hoteli haikutuibia. Kwanza iliongeza malipo ya huduma, 10 kwa mia ya 120,000, yaani 12,000. Sasa jumla ni 132,000. Kisha kodi ilihesabiwa juu ya hiyo 132,000, siyo juu ya ile 120,000 ya mwanzo, ikawa 23,760. Ukijumlisha unapata 155,760. Kwa hiyo 10 na 18 hazikufanya 28, zilifanya karibu 30. Kosa la mtunza hazina halikuwa katika kujumlisha, kwani anajua kujumlisha kutushinda sote. Alisahau kuuliza swali moja tu: asilimia 18 ya nini?

Tulipokwisha kulipa tulimwuliza mhudumu ile 12,000 ya huduma inakwenda wapi. Kijana alitazama kwanza upande wa kaunta, kisha akatujibu polepole kwamba yeye hajaiona hata siku moja katika mshahara wake. Wateja nao, wakiona neno “huduma” katika bili, hudhani wamekwisha kumpa bakshishi, basi hawamwachii kitu. Wenzetu wa mahoteli wayatazame mapatano yao ya kazi. Kama hayasemi malipo hayo yatagawanywaje, hapo ndipo pa kuanzia katika mazungumzo yajayo.

Basi tuanze na hesabu yenyewe, maana wengi wetu tuliiacha shuleni. Asilimia ni sehemu katika mia. Kupata 10 kwa mia, ondoa sifuri moja ya mwisho: 10 kwa mia ya 45,000 ni 4,500. Kupata 5, gawa hiyo kwa mbili: 2,250. Kupata 20, izidishe mara mbili: 9,000. Na ile 18 ya kodi, inayowatisha watu, ni 20 iliyopunguzwa sehemu yake moja ya kumi: 9,000 toa 900, inabaki 8,100. Hesabu hii mtu anaweza kuifanya kichwani huku amesimama mbele ya kaunta, bila karatasi wala simu.

Kuitoa kodi ndani ya bei ambayo imekwisha kutiwa ni jambo jingine, na hapa hata makarani hukosea. Tuseme umenunua sufuria kwa 59,000, na risiti inasema kodi imo. Usichukue 18 kwa mia ya 59,000. Utapata 10,620, nayo si kweli. Bei bila kodi ilikuwa 50,000, kodi ni 9,000. Njia yake ni kugawa bei kwa 118, kisha kuzidisha kwa 18. Kiwango hiki cha 18 ndicho kilichoko Uganda tangu 2005. Kodi ilipoanza 1996 ilikuwa 17. Madereva wetu wanaovuka Malaba na Busia wakumbuke kwamba Kenya ni 16, kwa hiyo wagawe kwa 116. Tena duka ambalo halikuandikishwa kwa kodi hii halina ruhusa ya kuitoza, na vyakula visivyosindikwa, kama mahindi, maharagwe na ndizi za sokoni, havitozwi. Mwenye duka akikuongezea “kodi” juu ya maharagwe ya gunia, mwombe risiti yake.

Kule sokoni kwenyewe hakuna anayetaja asilimia, lakini zimo. Mama wa nyanya akikuuzia 10 na kukutupia 2 za nyongeza, wengi husema amenipunguzia 20 kwa mia. Sivyo. Umepata 12 kwa bei ya 10, yaani umesamehewa 2 katika 12, nayo ni kama 17 kwa mia. Vivyo hivyo matangazo ya “nunua tatu upewe moja bure”. Hiyo moja ni robo ya ulivyobeba, basi punguzo ni 25 kwa mia, siyo 33. Hatusemi mama wa nyanya anadanganya. Yeye hakutaja asilimia yoyote, tuliotaja ni sisi.

Anayestahili kuangaliwa ni yule anayebandika tangazo mlangoni. Masomo yanapofunguliwa, viatu vya watoto vilivyokuwa 80,000 vinapandishwa 25 kwa mia, vinakuwa 100,000. Wiki mbili baadaye kunaandikwa kwa wino mwekundu: PUNGUZO ASILIMIA 20. Wazazi wanajaa. Na 20 kwa mia ya 100,000 ni 20,000, kwa hiyo viatu vinarudi 80,000 vilikotoka. Kupanda kulikuwa 25, kushuka kulikuwa 20, na bei ni ile ile. Duka jingine linasema punguzo 20, kisha 10 zaidi kwa anayelipa taslimu. Mtu anahesabu 30. Lakini hiyo 10 inatolewa katika kile kilichobaki: 100,000 inakuwa 80,000, halafu 72,000. Umepunguziwa 28.

Hapo ndipo tunapolazimika kusema habari yetu wenyewe, ingawa haitupi sifa.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kiwanda kimoja ambacho wanachama wetu wanafanya kazi kiliomba kupunguza mishahara kwa asilimia 20. Magari yalikuwa yamesimama, bidhaa hazitoki, na sisi wa kamati tuliona ni afadhali kupunguziwa kuliko kufukuzwa. Tulikubali, kwa sharti kwamba hali ikiwa nzuri mishahara itarudishwa. Mwaka 2021 mwajiri alituita. Akasema kwa ukarimu mkubwa: tuliwatoa asilimia 20, leo tunawarudishia asilimia 20. Tulipiga makofi. Tulitia sahihi siku hiyo hiyo. Tulipowatangazia wenzetu getini waliimba.

Aliyegundua hakuwa mtu wa kamati. Alikuwa mama mmoja wa idara ya kufunga mizigo, ambaye kabla ya korona alikuwa akipata 500,000. Alikuja na vipande vyake viwili vya mshahara, cha zamani na kipya, akavilaza mezani, akauliza: “Ndugu katibu, mbona nimerudishiwa na bado sijafika?” Cha pili kilisema 480,000.

Tulidhani karani amekosea. Karani hakukosea. Kutoa 20 kwa mia ya 500,000 ni 100,000, zikabaki 400,000. Kurudisha 20 kwa mia ni 20 ya zile 400,000, yaani 80,000 tu. Ili mama yule arudi alipokuwa, ilipasa aongezwe 25 kwa mia. Ni hesabu ile ile ya viatu, ila safari hii tuliingia kwa mlango wa nyuma. Kila mtu aliyekuwa na mshahara wa 500,000 alikuwa akipoteza 20,000 kila mwezi, na sahihi chini ya karatasi ilikuwa yetu.

Kabla hatujasema yaliyofuata, tuseme neno moja la haraka juu ya vipande vya mshahara, maana vilikuwa mezani. Katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya mshahara wake kabla ya makato, na mwajiri anatia 10 kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Kwa mshahara wa 500,000 utakatwa 25,000, naye atatia 50,000. Ukiona umekatwa 75,000, umelipishwa deni la mwajiri, na sheria hairuhusu. Kilete kipande hicho ofisini.

Basi tulirudi kwa mwajiri na hesabu yetu. Hakubisha, maana namba hazibishiwi, lakini alisema makubaliano ni makubaliano na yametiwa sahihi. Mazungumzo yalichukua miezi 10. Mwishowe alikubali kuongeza “hiyo tofauti yenu ndogo, asilimia 4”. Tuliomba dakika chache, tukatoka nje chini ya mwembe, na safari hii tulimwita yule mama wa kufunga mizigo aje na kalamu yake. Tofauti ilikuwa 20,000 katika 500,000, na hiyo kweli ni 4 kwa mia. Lakini nyongeza ingehesabiwa juu ya 480,000, nayo ingetoa 19,200. Mshahara ungekuwa 499,200, pungufu ya 800.

“Mia nane ni chumvi na kiberiti,” alisema yule mama. “Nazitaka.”

Tulirudi ndani tukaomba neno “asilimia” lifutwe kabisa katika karatasi, na mahali pake iandikwe mishahara kwa shilingi, daraja kwa daraja: aliyekuwa na 500,000 kabla ya korona sasa atalipwa 500,000. Mwajiri alicheka, akafuta. Zile 200,000 ambazo kila mmoja wa daraja hilo alipoteza katika miezi 10 hazikuingizwa katika karatasi hiyo. Kila tunapokutana na mwajiri huziweka tena mezani, na hesabu yake anaitunza yule mama, ambaye wanachama walimchagua katika kamati mwaka uliofuata.