Kamukunji si mkutano wa kugawiwa tisheti

Juzi nilipanda matatu Kitale nikielekea Bungoma. Kabla hatujafika Kiminini, kijana wa kiti cha nyuma akapokea simu: "Niko njiani, nakuja kamukunji ya mheshimiwa." Nikamfuata nione. Spika mbili juu ya gari, mtu mmoja anahutubia, sisi wengine tunangoja tisheti. Msee mmoja wa boda akanyoosha mkono aulize kuhusu barabara ya kwao. Kipaza sauti kikampita kana kwamba hayupo.

Sasa nikuulize wewe: hiyo ni kamukunji kweli?

Neno hili lilianza kama jina la mahali tu. Kamukunji ni uwanja ulio Nairobi, karibu na soko la Gikomba, ambako wanasiasa wamekuwa wakikutana na wananchi tangu enzi za kudai uhuru. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakalichukua jina la uwanja wakaipa mikutano yao. Likaacha kuwa mahali, likawa kitu mnachokifanya: kamukunji inaitishwa, kamukunji inaamua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi hao walikuwa na gazeti lao lililoitwa Sauti ya Kamukunji. Litazame jina hilo vizuri. Si sauti ya mwenyekiti, wala ya chama. Ni sauti ya mkutano mzima, pamoja na yule aliyesimama nyuma kabisa. Na kumbuka, siku hizo redio ya serikali iliitwa Sauti ya Kenya. Weka majina hayo mawili pamoja, utaelewa wanafunzi walikuwa wanasema nini hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Manze, zama zenyewe hazikuwa za mchezo. Juni 1982 Bunge liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tito Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa chama cha wanafunzi cha SONU, alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Alifia gerezani.

Usidhani haya ni ya Nairobi pekee. Novemba 16, 1991, viongozi wa FORD waliitisha mkutano katika uwanja huohuo wa Kamukunji, serikali ikaupiga marufuku. Kati ya waliokamatwa alikuwa Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili huku Bungoma, aliyefanya siasa zake Kitale. Mwezi uliofuata, sheria ya chama kimoja ikafutwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda. Digrii sina, lakini nilihudhuria kamukunji moja ambayo haijanitoka kichwani. Viongozi wetu walikuja kututangazia kwamba wameshakubali karo mpya. Makofi yakaanza. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, hata jina simjui, akapanda juu ya kiti: "Nani aliwatuma mkubali?" Ukumbi mzima kimya. Karo haikushuka, na muhula uliofuata sikurudi. Lakini siku ile mwenyekiti alilazimika kushuka jukwaani na kutujibu, mmoja baada ya mwingine, hadi giza likaingia.

Hapo ndipo nilipoelewa neno. Kamukunji ni pale ambapo mtu asiye na cheo anaweza kumuuliza mwenye cheo, na akajibiwa.

Juni 2024 tulipokesha kwenye mijadala ya X tukiuchambua Mswada wa Fedha, hakuna aliyetuita kwa spika wala kutuahidi nauli. Mtu wa Kitale alisema, wa Mombasa akampinga, wa Bungoma akauliza swali. Uwanja hatukuwa nao, lakini kamukunji ilikuwepo. Na Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika kwa amani. Hakisemi uje kupiga makofi tu.

Basi ukialikwa kamukunji nyingine, iwe steji ya Kitale au sokoni Bungoma, uliza jambo moja: nami nitapewa kipaza sauti? Ukiambiwa hapana, tisheti chukua ukitaka, maisha ni magumu. Lakini usiite kamukunji. Huo ni mkutano wa mheshimiwa.